Ukurasa wa Familia ya Mzee Kiama

Gitothua,
Ruiru.
15 Juni 2025

Mpendwa dada Shiko,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu hapa Gitothua. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na shemeji Mwendwa, na vijana wako Muthoka na Kiama. Sisi hatujambo. Shemeji yako Ronny anakohoa kidogo kwa sababu ya baridi hii ya mwezi wa sita, lakini ukimuuliza atakuambia ni vumbi la karatasi za dukani. Huko Perth pia najua mmeingia majira ya baridi. Mgongo wako unaendeleaje? Bado wanakupa zamu za kuinua wagonjwa wazito? Mara ya mwisho tulipoongea ulisema umeanza kuvaa mshipi wa kiuno chini ya sare, nami nikakucheka kwamba umekuwa cucu, nyanya mzee, kabla ya wakati wako. Ningependa kukucheka tena hivyo.

Utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi, tena kwa huu mwandiko wangu unaoujua. Simu zangu hazikufikii, na kila ujumbe ninaotuma unabaki na alama moja tu ya kijivu. Sikulaumu. Mama Benta, mama mkwe wangu, anakuja huko kumsaidia wifi yangu Akoth aliyejifungua mtoto wa kike, na nimemwomba akukabidhi bahasha hii mkononi. Usimpokee mlangoni ukamwacha aende zake. Mketishe, umpe chai yenye maziwa mengi, na umwache akuhadithie safari yake ya ndege hata kama itachukua muda.

Huku nyumbani mvua ilikuwa nzuri. Ule mparachichi wa nyuma ya jikoni kwa Mama kule Ngoingwa umezaa mpaka tawi moja limevunjika, na Njau anawagawia majirani kwa ndoo. Ndugu yetu huyo ameacha kunyoa ndevu tangu mazishi. Anasema ni uvivu tu, lakini mimi naona anajaribu kufanana na Baba. Barabara ya kwenda kwa Mama imejaa nyumba za kukodi za ghorofa, hata jua la asubuhi halifiki tena kwenye kibaraza kama zamani, na Mama hukihamisha kiti chake huku na kule akilifuata mpaka saa nne.

Sasa nianze na jambo rahisi, lile gumu lije baadaye.

Mwezi wa pili ulituuliza kuhusu laptop ya Kiama, maana anaingia chuo kusomea uchoraji wa majengo. Ulitutumia picha za laptop mbili na kutaka Ronny akuchagulie. Kisha Baba akaugua, na swali lako likazama chini ya mambo mengine. Ronny amelikumbuka, na haya ndiyo majibu yetu, kama bado hujanunua.

Ile ndogo ya inchi kumi na nne, yenye kioo cha nukta 2880 kwa 1800, ni nzuri sana kuitazama dukani. Nukta ni vile vidoa vidogo vinavyotengeneza picha, na zikiwa nyingi hivyo kwenye kioo kidogo, picha inakuwa laini kama ya kuchapishwa. Lakini kila kitu kinakuwa kidogo pia. Maandishi yanapungua, vitufe vinapungua, na mtu analazimika kuingia kwenye mipangilio akuze kila kitu. Ukishakuza, ile nafasi kubwa uliyoinunua inarudi kuwa nafasi ya kawaida, na juu ya hayo betri inaisha haraka. Ile nyingine ya inchi kumi na sita, yenye 1920 kwa 1200, haitamfanya mwenzake darasani amwonee wivu, lakini macho yake yatamshukuru.

La pili ni monita. Kijana wa kuchora majengo hawezi kuishi na kioo kimoja. Atataka kuchomeka monita kubwa mezani. Ile ya inchi kumi na sita ina tundu la HDMI kabisa, la kutoa picha nje. Ile ndogo ina matundu mawili ya type-C tu, na hapa, dada, tafadhali soma pole pole. Tundu la type-C halisemi ukweli kwa sura yake. Kuna linalopitisha umeme, faili na picha, na kuna linalopitisha umeme na faili tu, na yote mawili yanafanana kama mapacha. Muuzaji atakuambia linafanya kila kitu. Mwambie akuchomekee monita hapo hapo mbele yako, uone picha kwa macho yako, ndipo utoke nayo. Akikataa, ondoka.

Chukua ile ya inchi kumi na sita. Hayo ndiyo majibu ya Ronny, na unamjua hapendi kuandika. Kilichobaki ni changu.

Tumejifunza mambo haya kwa njia mbaya, na wewe ndiye uliyeumia. Naomba uendelee kusoma.

Unaijua kazi yetu. Duka letu la Ruiru linachapisha kadi za harusi na mabango ya kanisa, lakini linaishi hasa kwa vitabu vya mazishi. Watu wanakuja wakiwa wamevimba macho, wamebeba picha kwenye simu na kwenye bahasha, nasi tunawatengenezea maisha ya mtu wao katika kurasa chache. Ronny ana desturi yake tangu tufungue. Hakuna kitabu kinachoenda kuchapishwa kabla wenyewe hawajaketi mbele ya ile monita ya inchi ishirini na nne, ambayo inaonyesha ukurasa kwa ukubwa wake wa kweli, wakapitisha kidole juu ya kila sura na kutaja kila jina. Hapo ndipo watu hugundua kwamba shangazi fulani amesahaulika, au kwamba picha ya shemeji ni ya shemeji mwingine. Wanacheka kidogo, wanalia kidogo, wanarekebisha.

Laptop yetu ya zamani ilikuwa na kioo kibovu, 1366 kwa 768, ukurasa mzima ukiufungua unaona ukungu mtupu. Lakini ilikuwa na HDMI, na kioo kikuu cha kazi kilikuwa monita. Siku chache kabla ya Baba kufa, Ronny aliibadilisha kule Thika na laptop mpya. Sisi wawili tulizilinganisha laptop siku nyingi sana, tukisoma nukta za hii na nukta za ile, mimi nikiwa mbele kuliko hata yeye, mpaka tukachukua yenye kioo kikali kuliko zote. Ni ndugu wa ile ndogo uliyotutumia picha yake. Tuliporudi dukani na kuchomeka monita kwa adapta, monita ikakaa nyeusi. Ronny akadhani adapta ni mbovu, akaagiza nyingine. Hiyo nyingine haikuwa imefika Baba alipofariki.

Kwa hiyo vitabu vya watu wengine vyote vilipita kwenye monita, na cha baba yetu peke yake hakikupita. Hilo naliwaza nikikata karatasi, nikipika, nikiwa kanisani.

Kamati ya mazishi ilikaa kule Ngoingwa, sebuleni, mchana. Tulifunga pazia kwa sababu mwanga ulikuwa unapiga kioo cha laptop. Ronny aliiweka juu ya kistuli, na watu wazima wote wale wakainama kuizunguka kana kwamba wanaota moto. Baba mdogo Kagwe ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na unajua anavyopenda kuongoza. Ronny alipofungua ukurasa wa picha za familia, wote walisifu. Ukurasa mzima uliingia kwenye kile kioo bila kukatika, na ulikuwa mkali, hata mistari ya kola ya Baba ilionekana. Mtu akasema picha ni safi, mwingine akasema safi kabisa, na baada ya hapo ni nani angekubali kusema kwamba yeye haoni vizuri? Nyuso zilikuwa ndogo kama maharagwe. Mimi mwenyewe nilipita na birika la chai, nikatupa jicho, nikaona rangi nyingi na kila kitu kikiwa mahali pake, nikaridhika.

Baba mdogo Kagwe akasema picha ya Mzee katikati ni ndogo, iongezwe. Ronny akaivuta ikawa kubwa. Akasema bado, Mzee hakuwa mtu mdogo. Ronny akaivuta tena. Picha yako wewe na vijana wako, ile ya ufukweni ambayo mmevaa nguo za bluu, ilikuwa chini yake, upande wa kushoto. Picha ya Baba iliifunika yote. Hakuna aliyeiona ikienda.

Sasa sikiliza nilichokusudia kukuandikia tangu mwanzo. Mama ndiye aliyekuwa amekaa karibu zaidi na laptop. Jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho, na la kushoto linaanza, lakini hakuwa amemwambia mtu. Watu walipokuwa tayari wanasema ukurasa upite, akainua mkono.

"Ngojeni kidogo," akasema. "Shiko ako wapi?"

Ronny akaelekeza kidole kwenye kioo. "Huyo hapo chini, Mama. Mwenye dress ya blue."

Mama akasogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, kisha akasema sawa, asanteni, endeleeni.

Yule mwenye gauni la bluu alikuwa Jackie, binti yake Baba mdogo Kagwe, na watoto wake wawili. Ronny hakudanganya. Alijua ameiweka picha yako, alijua una bluu, akaona mwanamke wa bluu mwenye watoto wawili, mdogo kama punje, akaamini ni wewe. Lakini, dada, katika chumba kile chote, kilichojaa ndugu wa damu na watu waliokula kwetu miaka na miaka, Mama peke yake ndiye aliyeuliza uko wapi. Yule ambaye wewe unadhani ndiye aliyekutoa.

Kilichofuata unakijua. Ulifuatilia mazishi kwenye simu ukiwa kazini, kwa sababu karatasi zako za ukaazi hazikukuruhusu kusafiri, na hilo peke yake lilikuwa limetosha kukuliza. Njau alisoma jina lako kwanza katika watoto, kama inavyotakiwa. Kisha tukakutumia kitabu kwenye simu, ukakifungua kwenye monita kubwa ya pale hospitalini. Sisi tuliokuwa karibu na Baba tulikiangalia kwenye kioo kidogo, na wewe uliyekuwa mbali ndiye uliyekiona vizuri.

Ujumbe wako wa sauti bado ninao. Ni mfupi. "Nimezoom hiyo page yote mpaka mwisho," ulisema. "Watu wote wako, hata Jackie ako. Mimi na watoto wangu hatuko. Ni sawa." Kisha ukatoka kwenye kundi la familia. Afadhali ungetutukana. Hiyo "ni sawa" yako imekaa hapa kwetu kama mgeni asiyetaka kuondoka.

Nilisikia pia, kupitia watu, ulichowaambia baadaye. Kwamba mtoto wa mke wa kwanza hubaki mtoto wa mke wa kwanza, na kwamba ulijua siku Mzee akifa Mama Njau, ndivyo ulivyomwita Mama, atakufuta. Mimi sikukasirika. Ningekuwa mahali pako, mama yangu amekufa nikiwa sijaanza hata shule, nikalelewa na mke mwingine, kisha nikatafuta sura yangu kwenye kitabu cha baba yangu nisiione, ningefikiri nini kingine? Ila niliumia kwamba hatukuwahi kukupa sababu ya kufikiri vingine. Tulidhani unajua tunavyokupenda. Tulikuwa tunapiga simu Krismasi na siku za kuzaliwa, tunapunga mikono kwenye vioo vya simu, tunasema tumeonana.

Mama alipoambiwa hakulia. Aliuliza tu, lakini si nilionyeshwa? Ronny akatoka nje akakaa kwenye ngazi, na hakula chakula cha mchana. Baadaye Njau akataka kukupigia akueleze, ukawa hupatikani tena.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kuvunja kamati. Tulipika mukimo na kitoweo, tukakodi viti, watu wakaja kupewa asante. Baba mdogo Kagwe akasimama, akasema kila kitu kilikwenda vizuri, na kwamba Mzee alizikwa na watu wake wote. Mama akamwomba nafasi. Hapendi kusimama mbele ya watu, unamjua, hata kanisani hukataa kusoma somo. Alishika mgongo wa kiti.

"Kila kitu hakikuenda vizuri," akasema. "Mzee tulimzika bila mama yake."

Akakaa chini. Vijana walitazamana, wakadhani uchungu umemchanganya, kwa maana cucu alikufa zamani. Lakini wazee wote waliinamisha vichwa, na Baba mdogo Kagwe aliikunja ile karatasi ya hotuba yake akaitia mfukoni.

Wewe huhitaji kuelezwa, lakini Muthoka na Kiama wamekulia huko, kwa hiyo waelezee. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na akishalichukua anakuwa yeye. Shiko ni kifupi tu; wewe ni Wanjiku kwa sababu cucu alikuwa Wanjiku. Ndiyo maana Baba alikuita maitu, mama yangu, mpaka uzee wake, na ukiwa mtoto ulimtuma akakuchumie mapera naye akaenda kweli. Na Kiama wako, aliyechukua jina la Baba, ni Baba mwenyewe. Tulipofunika picha ile tulimfunika mama yake Mzee pamoja na Mzee mwenyewe, kwa ajili ya kumfanya Mzee aonekane.

Siku hiyo ndipo nilipojua jambo ambalo nadhani hata wewe hulijui. Watu walipoondoka, shangazi mmoja aliniambia nilipokuwa naosha sufuria. Nilipozaliwa mimi, binti wa kwanza wa Mama, na mimi nilistahili kuitwa Wanjiku, kwa sababu kila mke huhesabu watoto wake upya. Cucu mwenyewe alikuwa anangoja hivyo. Mama akakataa. Alisema Wanjiku tayari yuko nyumbani na hataki siku moja aite jina hilo wageuke watoto wawili, mmoja ajiulize kama ni yeye aliyeitwa. Wazee walinung'unika, cucu akanuna, na mimi nikapewa jina la upande wa Mama, nikawa Waceke. Nimetembea na jina hili maisha yangu yote bila kujua kwamba lilikuwa njia ya kukuachia wewe la kwako.

Kwa nini Mama hakukuambia? Nilimuuliza. Alisema mtu haendi kumwambia mtoto wake kwamba ni mtoto wake. Alipaswa kukuambia, Shiko. Sote tulipaswa kukuambia.

Mwezi uliopita Ronny aliirudisha ile laptop, akachukua ya mitumba, nzito, isiyo na urembo wowote, lakini yenye HDMI. Ilipofika Mama alikuwa amekuja Ruiru kliniki ya macho, na akapitia dukani. Ronny akataka kumwonyesha jinsi kosa lilivyotokea. Mama akamwambia mara hii hataki kuonyeshwa kwa kidole. Akavuta kiti mwenyewe mbele ya monita, akavaa miwani, akamwambia afungue.

Ukurasa ukajaa, mkubwa kama karatasi yenyewe. Ronny akashika picha ya Baba akaisogeza pole pole pembeni, na chini yake mkatokea ninyi watatu, mnacheka, upepo umeivuta skafu yako, Kiama amefumba jicho moja kwa sababu ya jua. Picha haikuwa na doa. Ilikuwa pale wakati wote. Ronny aliondoka akaenda nyuma, akajifanya anatafuta karatasi.

Aliporudi, Ronny akakuza uso wako peke yake mpaka ukajaa monita yote. Mama akatazama muda mrefu. Akanyoosha mkono akagusa kioo, hapa juu ya sikio lako la kushoto.

"Kumbe ako na mvi," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Mtoto wangu ako na mvi na hakuna mtu aliniambia."

Nilitaka kumwambia kwamba amekuona kwenye simu mara nyingi. Nikafikiri kwanza. Simu anaishika mbali kwa sababu ya macho, wewe unavaa kofia ya kazi, mtandao unakatakata, na sisi tunapokezana kusalimu. Kumbe miaka hii yote alikuwa anazungumza na yule msichana aliyemsindikiza uwanja wa ndege, mwenye nywele nyeusi na begi la kuazima. Alilia hapo hapo dukani, mbele ya wateja waliokuja kuchapisha kadi za harusi, nao wakatoka nje kwa heshima wakangoja. Sijawahi kumwona Mama akilia hivyo, hata kaburini.

Ronny alitaka kuchapisha kitabu upya. Ukurasa uliorekebishwa upo, na nilikuwa nimeshaukunja niutie humu kwenye bahasha. Nimeutoa. Niliona ni kama kumtengea mtu kiti harusi ikiwa imekwisha na mahema yanafungwa. Watu wameshaviweka vitabu vyao kabatini, na katika vyote wewe humo, na hakuna mashine itakayokurudisha. Siku ile haiji tena. Nimeandika barua hii nikitafuta namna ya kuirekebisha, nimefika hapa sijaipata. Ninachoweza ni kukuambia jinsi ilivyokuwa, ili kama utakaa mbali nasi, ukae kwa jambo lililotokea kweli.

Mama atafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwezi wa nane. Daktari amesema la kushoto litafuata, na kwamba ataona vizuri kuliko sisi. Amemuuliza daktari kama ataweza kumtambua mtu akiwa bado mbali, akitembea kuja. Daktari akasema ndiyo.

Shemeji Mwendwa msalimie, mwambie Njau bado anamngojea kwa ule ubishi wao wa mpira. Msalimie Muthoka, na Kiama mwambie asome kwa bidii na asinunue laptop kwa kutazama uzuri wa kioo. Ronny anakusalimu kwa aibu. Amejaribu kuongeza mstari wake mwenyewe hapa chini akashindwa, na mimi sikumlazimisha. Njau na wote wa Ngoingwa wanakusalimu. Mungu aliyekulinda ukiwa mdogo bila mama akulinde na sasa, akupe nguvu mgongoni na amani moyoni, wewe na nyumba yako yote.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye jana, leo na siku zote,

Waceke

Mama hajakutumia salamu. Nilimuuliza niandike nini, akasema salamu zake kwako hazipiti kwa mtu. Kila Jumapili akitoka kanisani anachukua simu yangu, anapiga namba yako yeye mwenyewe, anaiacha iite mpaka ikatike, halafu ananirudishia simu na kusema labda uko kazini.